Kukusanya santuri Lubumbashi: kuzitafuta, kuzisoma, kuzitunza na kuwasikilizisha wengine

Anayekusanya santuri akiwa Lubumbashi amekaa mahali pazuri kuliko anavyodhani. Muziki uliingia mji huu kwa njia tatu. Rumba ya Kinshasa ilikuja kwa ndege, au kwa mto na reli kupitia Ilebo. Kusini, kupitia Kasumbalesa, zilivuka santuri za Zambia, kwa sababu Ndola na Kitwe ziko karibu nasi kuliko Kinshasa. Na kutoka mashariki zilirudi kazi za watoto wa hapa waliohamia Dar es Salaam na Nairobi: Ndala Kasheba, Baba Gaston, na Super Mazembe, bendi iliyoanza kwa jina la Super Vox mwaka 1967 kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1974. Kabla ya hao wote alikuwapo Mwenda wa Bayeke, aliyejulikana kwanza kama Jean-Bosco Mwenda. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi huko Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville, mwaka 1952, na gitaa la wimbo wake "Masanga" bado linawasumbua vidole wapiga gitaa wa leo.

Santuri hizo zimo bado majumbani. Wenye kujua habari zake ndio wanaopungua. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda na vitu viwili kwa pamoja, santuri yenyewe na maneno ya aliyeinunua. Ukichukua cha kwanza ukaacha cha pili, umebeba nusu.

Hatua ya 1: Zijue kwa macho

Utakutana na aina tatu. Kubwa ya sentimita 30 inazunguka mara 33 kwa dakika na hubeba nyimbo kadhaa kila upande. Ndogo ya sentimita 17.5 inazunguka mara 45, na ndiyo utakayoiona zaidi, maana rumba yetu iliuzwa hivyo kwa miaka mingi: wimbo mmoja, sehemu ya kwanza upande A, sebeni (sehemu ya magitaa ya kucheza) upande B. Ya tatu ni ile nzito ya zamani, ya mizunguko 78, isiyopindika. Hiyo haikutengenezwa kwa plastiki, ni sheleki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ikianguka inavunjika vipande. Ibebe kwa mikono miwili na usiiweke chini ya kitu chochote.

Hatua ya 2: Anza na watu

Maduka ya santuri usiyategemee. Anza na wazee waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, na reli, hasa wanaoishi Kamalondo, Kenya na Katuba, mitaa ya hapa mjini. Hao walikuwa na mshahara wa kila mwezi wakati santuri zilipokuwa zikiuzwa, na wengi walinunua ya 45 siku ya kulipwa. Baada yao nenda kwa waliowahi kuwa na baa, kisha kwa mafundi wa redio. Fundi mzee huwa na boksi la santuri zilizoachwa na wateja pamoja na mashine ambazo hazikurudi kuchukuliwa. Soko la Kenya lipitie upande wa vitu vya okazioni (vilivyokwisha kutumika), lakini mapema asubuhi, kabla jua halijazipiga santuri zilizotandazwa chini.

Nje ya mji, Likasi inastahili safari. Ni kilomita 120 hivi, na wauzaji wanaokuja kutafuta rumba ya kupeleka Ulaya wengi wanaishia Lubumbashi. Kipushi iko karibu zaidi, nayo ilikuwa mji wa mgodi wenye mishahara.

Ukifika kwa mzee, usianze na bei. Mimi husema hivi: "Jambo papa. Minatafuta madiske ya zamani, ata ile haiimbe tena. Naomba tu kuona." Maneno "ata ile haiimbe tena" yanafungua mlango, kwa sababu wengi wanaona aibu kutoa santuri iliyochakaa na watakuambia hawana kitu. Kaa. Kunywa maji utakayopewa. Mwache achague yeye ya kukuonyesha kwanza. Ile ya kwanza ndiyo aliyoipenda, na mara nyingi ndiyo yenye habari nyingi.

Daftari liwe mkononi. Uliza: uliinunua wapi, mwaka gani, ulikuwa unafanya kazi gani, mlicheza wapi, nani mwingine alikuwa nayo? Mwandike mzee kama anavyosema, hata kama unadhani amekosea mwaka. Utalinganisha baadaye.

Mambo mawili ninayashikilia kwa nguvu. Usiende kuuliza santuri kwenye matanga, wala wiki zinazofuata. Familia ikiwa katika msiba inauza chochote kwa bei yoyote, na kununua wakati huo ni kuwanyang'anya. Pili, usibebe boksi zima. Mwachie mwenyewe zile anazozitaja kwa jina. Akitaka kuuza zote kwa sababu ana shida, nunua unazoweza kulipia vizuri, na umtajie bei ambayo usingeona haya ikisemwa mbele ya watoto wake. Mji huu una masikio. Anayepunja mzee mmoja Katuba hatafunguliwa mlango wa pili.

Hatua ya 3: Ikague kabla ya kulipa

Toa santuri kwenye jalada lake, ishike kingoni, iinamishe chini ya mwanga wa dirisha. Mikwaruzo mepesi kama nywele haina shida kubwa. Mkwaruzo unaousikia ukipitisha ukucha taratibu utaufanya wimbo uruke au urudie. Halafu itazame usawa wa jicho, kama fundi anavyotazama ubao: ikiwa imepinda kidogo na taratibu sindano itaifuata, ikiwa na wimbi fupi kali ukingoni, sindano itaruka.

Kwa zile za 45 za rumba, angalia upande B kwa makini zaidi. Sebeni ndiyo iliyochezwa baa usiku kucha, na mara nyingi nimeona upande A unang'aa huku B umegeuka kijivu. Ukijivu huo haukomi kwa kuosha, ni mifereji iliyolika na sindano nzito. Tazama pia tundu la katikati. Santuri za 45 zina tundu dogo la milimita 7 hivi au kubwa la milimita 38, na nyingine zilitobolewa kwa kisu ili ziingie mashine ya baa. Tundu lisilo katikati linafanya sauti ipande na kushuka kama mtu mlevi, na hilo halina dawa.

Lakini nikikuta ya 78 iliyorekodiwa Katanga, naichukua ikiwa na mikwaruzo yote. Ni chache mno kuzichagulia.

Hatua ya 4: Soma karatasi ya katikati

Hapa ndipo mkusanyaji wa kweli anapotofautiana na mnunuzi, kwa sababu santuri nyingi za kwetu hazina mwaka uliochapishwa. Mwaka unautafuta kwa historia ya nchi.

Ukiona "Léopoldville" (Kinshasa ya leo) au "Élisabethville" (Lubumbashi yetu) kwenye karatasi, au kwenye muhuri wa duka nyuma ya jalada, kitu hicho kimechapishwa kabla miji haijabadilishiwa majina mwaka 1966. Mihuri ya maduka ni ya thamani. Usiibandue, usiifute, iandike daftarini, maana ndiyo inayokuonyesha duka lilikuwa barabara ipi. Ukiona "Zaïre" kama jina la nchi, uko kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Majina ya watu yanasaidia zaidi. Mwaka 1972 serikali iliwataka watu waache majina ya kizungu, kwa hiyo mwimbaji Pascal Tabou aliyejulikana kama Rochereau akawa Tabu Ley, na Franco, kiongozi wa OK Jazz, akaandikwa Luambo Makiadi. Karatasi yenye "Jean Bosco" na karatasi yenye "Mwenda wa Bayeke" zinaweza kuwa za mtu yuleyule na wimbo uleule, kila moja na zama zake.

Kuwa mwangalifu hata hivyo. Tarehe hizi zinakuambia santuri ilitengenezwa lini, wimbo unaweza kuwa wa zamani zaidi. Nyimbo za bendi za African Jazz na OK Jazz zilitolewa tena na tena kwenye santuri kubwa miaka mingi baada ya kupigwa.

Kisha jifunze kampuni. Ngoma ilianza Léopoldville mwaka 1948 ikiongozwa na Mgiriki Nicolas Jeronimidis. Loningisa ndiko Franco alikoanzia. Vévé ilikuwa ya mpiga saksafoni Verckys. Genidia ya Tabu Ley. Edipop na Choc ni za Franco katika miaka ya 1980. Karatasi yenye jina "African" ni ya santuri zilizotengenezwa Ulaya kwa soko letu: za 45 zina namba zinazoanza na 90, kubwa zinaanza na 360. Ukiona MAZADIS, imetoka kiwandani Kinshasa. Ukiona Gallotone, ni Afrika Kusini, na huko ndiko nyimbo za Mwenda alizorekodi Tracey zilikotolewa. Teal na Ndola, ni Zambia. ASL, ni Nairobi.

Mwisho tazama eneo laini kati ya wimbo wa mwisho na karatasi. Kuna namba zilizochongwa pale kwa mkono au kwa mashine. Zinakili zote, kila upande. Santuri mbili zenye karatasi sawa zikiwa na namba tofauti pale, huenda hazikutoka kwenye utengenezaji mmoja, na masikio yako yatakuambia ipi ina sauti nzito zaidi.

Hatua ya 5: Osha

Vumbi letu jekundu la Mei hadi Septemba ni gumu. Likibaki ndani ya mfereji, sindano inalisaga ukutani. Usicheze santuri yoyote uliyotoka nayo sokoni kabla ya kuiosha.

Unahitaji maji yasiyo na chumvi. Yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari yanafaa, ila soma chupa mara mbili: kwenye maduka hayohayo inauzwa pia asidi ya betri, na chupa zinafanana. Nusu lita ya maji, tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Funika karatasi ya katikati kwa kifuniko cha plastiki cha duara. Lowesha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, pitisha ukifuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate katikati. Suuza kwa maji matupu. Simamisha ikauke kivulini.

Kwa santuri za plastiki zenye mafuta ya mikono unaweza kuongeza kidogo spiriti safi ya maduka ya dawa. Kwa santuri ya 78, usiguse spiriti hata tone. Sheleki inayeyuka ndani ya spiriti na utafuta muziki pamoja na uchafu. Hiyo ioshe kwa maji tu, haraka, na ikaushe papo hapo.

Hatua ya 6: Mashine na umeme

Mashine ya santuri utaipata kwenye vitu vya okazioni kutoka Ulaya. Zile za sanduku za zamani, zenye spika ndani, zinavutia macho, lakini mkono wake unabonyeza kwa gramu 5 au zaidi na sindano zake ni butu. Zitumie kwa santuri zilizokwisha kuchoka. Kwa nzuri tafuta mashine yenye mkono unaoweza kupimwa uzito. Sindano nyingi za kawaida zinataka gramu 1.5 hadi 2. Nunua sindano mpya kabla ya kununua santuri nyingine. Hapo usibanie.

Ukiunganisha na redio ukasikia sauti ndogo, kali, isiyo na besi, mashine si mbovu. Sindano inatoa umeme mdogo sana, milivolti chache, na inahitaji tundu lililoandikwa PHONO, au kikuza sauti kidogo cha kuwekwa katikati. Mvumo wa "mmmm" usiokoma kwa kawaida ni ule waya mwembamba wa kutulizia umeme ambao haujafungwa.

Sasa SNEL, shirika letu la umeme. Umeme ukikatika, inua mkono wa mashine kwanza, kisha chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka, kwa sababu unaporudi unaweza kuja na nguvu kupita kiasi. Weka regulateri, kifaa cha kusawazisha nguvu ya umeme. Anayetumia sola ajue jambo moja: mota nyingi za mashine za zamani hufuata mapigo ya umeme, mara 50 kwa sekunde. Konvertisa (kifaa cha kugeuza umeme wa betri) ya bei rahisi haitoi umeme laini, mota inavuma na kupata moto, na wimbo unaweza kwenda mbio au kuburuta. Ukiwa na gitaa lililopangwa vizuri, piga pamoja na wimbo unaoujua; ukiona sauti hazikutani, kagua umeme kabla ya kulaumu santuri. Mashine yenye mota ya betri, ya volti 12, inakuepusha na hayo yote.

Kwa zile za 78 kuna njia hata kama mashine yako haina mwendo huo. Pata sindano yake maalumu, maana mifereji ya 78 ni mipana karibu mara tatu na sindano ya kawaida inatambaa chini na kukwaruza. Icheze kwa mwendo wa 45 huku ukirekodi kwenye kompyuta, halafu programu ya bure ya Audacity itaurudisha mwendo hadi 78.

Hatua ya 7: Weka

Zisimamishe wima, zibanane kiasi, mbali na dirisha na bati lenye joto. Santuri kubwa 100 na majalada yake zina uzito wa kama kilo 25, kwa hiyo rafu iwe imara na iinuke kutoka sakafuni, kwa ajili ya maji ya mvua na mchwa. Msimu wa mvua zitoe mara kwa mara zipate hewa, zisiote ukungu.

Hatua ya 8: Washirikishe wengine

Rekodi kila santuri mara moja, vizuri, uweke faili kubwa la WAV, na jina liandikwe hivi: mpigaji, wimbo, kampuni, namba, upande. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama waraka, maana ikitumwa kama sauti ya kawaida inaweza kubanwa. Kwa wasiowafahamu watungaji tuma kipande kifupi tu. Familia za wanamuziki bado zipo na kazi ni yao.

Kikao cha kusikiliza kinafaa Jumapili baada ya misa, uani, wazee wakikaa karibu na spika. Kila mtu alete santuri moja. Sheria yangu ni kwamba upande unachezwa hadi mwisho, na maneno yanakuja baadaye. Hapo ndipo utasikia nani alipiga solo, nani aliondoka bendi na kwa nini. Wazee wakibishana, andika pande zote mbili.

Nikileta kitu kipya kikaoni, nakiandikia maelezo mafupi. Mfano wa niliyoyapata karibuni:

Nguashi Ntimbo na Festival du Zaïre, "Shauri Yako", 45. Kutoka Kenya, commune yetu, kwa mama aliyekuwa na baa. Wengi wanaujua wimbo huu kwa Super Mazembe. Hapa umesikika kwa mwenyewe, sauti ikiwa laini zaidi na magitaa yakikaa nyuma. Upande B umechoka. Mama anasema aliletewa na dereva wa lori.

Franco na Sam Mangwana, "Coopération", 1982, santuri kubwa. Kutoka Likasi. Jalada limeraruka, santuri safi kabisa, inaonekana haikuchezwa sana. Mangwana alikuwa ameondoka TP OK Jazz na hapa wamerudi kuimba pamoja. Sikilizeni jinsi Franco anavyomwachia nafasi.

WITCH, bendi ya Zambia, "Lazy Bones!!", ya 1975, nakala iliyotolewa upya. Ya awali sijaipata na naendelea kuuliza. Nimeinunua ili vijana wajue sauti ya kuitambua: vijana wa Copperbelt, gitaa lenye kukoroma, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Kama baba yako alifanya kazi Kitwe au Chingola, nenda kaangalie chini ya kitanda chake.

Santuri zilizotolewa upya msizidharau. "Congo Funk!" ya Analog Africa, iliyotoka 2024, na mikusanyo ya "Welcome to Zamrock!" (roki ya Zambia) ya 2017 zinakupa majina ya bendi ambazo usingejua kuziuliza. Zinauzwa kwa bei ya Ulaya, basi changeni watu watano mnunue moja.

Baada ya kikao, jaza flash na nyimbo zilizorekodiwa kutoka kwenye santuri za mzee, umpelekee, pamoja na karatasi uliyoandika maneno yake, akusomee na kusahihisha. Chukua na spika ndogo, kwa sababu pengine hana cha kuchezea. Santuri ulizo nazo mbili mbili zipeleke safari hiyohiyo: wengi wenye santuri wanakubali kubadilishana hata pale wasipokubali kuuza.